Jina lipo, dola zipo, ng'ombe hawapo: kisa cha fedha za korona kwa wakulima wa Marekani

Shirika la Huduma za Mashamba la Marekani, FSA kwa kifupi, huweka mafaili yake ya malipo mtandaoni na yeyote anaweza kuyapakua. Ni majedwali ya Excel. Kila mstari una jina la aliyelipwa, anwani yake, mji, jimbo, namba ya posta, kiasi, tarehe na jina la mpango uliolipa, pengine na kundi la zao. Ipo hata safu ya msimbo wa mistari ambao mashine za posta huusoma zikipanga barua. Usichokikuta ni kile hasa kilichotumika kupiga hesabu ya malipo: ng'ombe wangapi, maziwa ratili ngapi, mahindi ekari ngapi.

Katika kisa hiki uwazi upo na haupo kwa wakati mmoja, na ndiyo maana kinafaa kuchambuliwa. Hakuna anayeweza kusema serikali ile ilificha majina ya wakulima waliopewa fedha za janga. Iliyatoa, na magazeti ya wilayani yakayachapa: shamba fulani, dola kadhaa. Watu wakasoma, wakashangaa, wengine wakasengenyana kanisani. Lakini jina na kiasi vinakuonyesha nani alipokea tu. Ukitaka kujua kama alistahili, faili halina la kukujibu, na halina kwa makusudi.

Hasara ilikuwa ya kweli

Machi 2020 shule, hoteli na migahawa ya Marekani ilifungwa kwa mkupuo. Chakula kule hupita njia mbili zisizokutana kirahisi, moja ya kwenda madukani na nyingine ya kwenda migahawani na mashuleni. Kiwanda kilichozoea kufunga maziwa katika pakiti ndogo za watoto wa shule hakiwezi kuamka kesho kikafunga galoni za dukani. Basi maziwa yakamwagwa. Ushirika mkubwa wa wafugaji, Dairy Farmers of America, ulikadiria mwezi Aprili kwamba hadi galoni milioni 3.7 zilikuwa zikimwagwa kila siku, karibu lita milioni 14. Tarehe 12 Aprili kampuni ya Smithfield ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha nyama ya nguruwe cha Sioux Falls, South Dakota, chenye wafanyakazi wapatao 3,700, baada ya mamia yao kuambukizwa. Nguruwe walioandaliwa kwa siku maalumu ya kuchinjwa wakakosa pa kwenda huku wakiendelea kunenepa, na wafugaji wengine wakaishia kuwaua na kuwazika.

Nalitaja hili mapema ili nisieleweke vibaya. Wakulima waliumia, na serikali iliyokaa kimya ingestahili lawama kubwa zaidi ya hii nitakayoitoa.

Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria ya CARES, ya msaada wa janga la korona, iliyotiwa saini 27 Machi 2020, ikiwa na dola bilioni 9.5 kwa ajili ya wazalishaji wa mazao na mifugo. Tarehe 17 Aprili, Waziri wa Kilimo Sonny Perdue akatangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua chakula na kukigawa kwa maboksi. (Maboksi hayo baadaye yakatiwa barua yenye saini ya rais, mwaka wa uchaguzi. Kila nchi ina namna yake ya kupiga kampeni.) Nyongeza ya bilioni 6.5 ilitoka katika mfuko wa CCC, chombo cha Wizara ya Kilimo ambacho waziri anaweza kukitumia bila kurudi Bungeni kila mara. Mpango wa malipo ukaitwa CFAP, na maombi yakaanza kupokelewa 26 Mei.

Miezi miwili kutoka sheria hadi fomu. Kwa serikali yoyote hiyo ni kasi, hasa ukikumbuka kwamba ofisi za FSA za wilayani wakati huo zilikuwa zimefunga milango kwa wageni na zikifanya kazi kwa simu na barua pepe. Kasi hiyo ilipatikana kwa njia moja: mkulima alijaza fomu, akaandika idadi mwenyewe, akatia saini kwamba aliyoyaandika ni kweli. Vielelezo alitakiwa avitunze nyumbani endapo ataulizwa. Wengi hawakuulizwa.

Septemba ikaja awamu ya pili, iliyotangazwa na Rais Trump katika mkutano wa kampeni mjini Mosinee, Wisconsin, ikiwa na hadi dola bilioni 14. Desemba Bunge likaongeza dola 20 kwa kila ekari ya mazao makubwa ya shambani. Jumla ya CFAP, awamu zote, ilifika karibu dola bilioni 31. Ukijumlisha na ruzuku nyingine, mwaka 2020 serikali iliwalipa wakulima moja kwa moja zaidi ya dola bilioni 45, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa kabla yake.

Na hapa pana kejeli ya soko. Bei ya mahindi, iliyokuwa dola 3 na senti kidogo kwa busheli, kipimo cha nafaka cha Kimarekani, katikati ya 2020, ilikuwa imepita dola 5 kufikia Januari 2021. Soya ilipita dola 13. Ile nyongeza ya dola 20 kwa ekari ililipwa mwaka 2021, wakati mwenye mahindi ghalani alikuwa akichekelea. Sheria ilisema ilipwe, ikalipwa.

Hesabu ya ng'ombe mia

Ili kuona safu iliyokosekana ina uzito gani, tupige hesabu kama ofisi ilivyoipiga.

Kwa maziwa, awamu ya kwanza ililipa dola 4.71 kwa kila ratili 100 zilizokamuliwa Januari hadi Machi 2020, hata kama ziliishia kumwagwa. Juu yake ikaongezwa dola 1.47 kwa kila ratili 100 za kiasi hichohicho kilichozidishwa kwa 1.014, ili kukadiria robo ya pili ya mwaka. Chukua mfugaji mwenye ng'ombe 100, kila mmoja akitoa ratili 6,000 kwa miezi mitatu, jambo la kawaida kwa ng'ombe wa Kimarekani. Huyo ana vipimo 6,000 vya ratili mia mia. Sehemu ya kwanza inampa dola 28,260. Sehemu ya pili dola 8,943. Jumla ni dola 37,203, na kwanza alipewa asilimia 80 yake, salio likaja baadaye.

Ukimwona huyu katika faili kwa dola 37,203, unaweza kugeuza hesabu na kukisia kundi lake: ng'ombe mia hivi. Jirani akiijua boma yake, atajua kama pana ukweli.

Sasa panda juu. Mtu mmoja hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya dola 250,000 katika awamu moja. Kwa hesabu yetu, kizingiti hicho kinafikiwa na mwenye ng'ombe kama 672. Mwenye 700 analipwa 250,000. Mwenye 2,000 analipwa 250,000. Aliyedanganya kwamba anao 700 huku anao 400, naye analipwa 250,000. Katika faili wote watatu wanafanana kama mapacha. Kadiri kiasi kinavyokuwa kikubwa, ndivyo jina na kiasi vinavyokuambia kidogo zaidi. Ingefaa iwe kinyume chake.

Tena kulikuwa na milango ya pembeni, yote halali. Kampuni yenye wanahisa watatu, kila mmoja akithibitisha kwamba alifanya kazi au usimamizi shambani kwa angalau saa 400, iliweza kulipwa hadi dola 750,000. Katika ushirika wa kawaida wa kibiashara kila mshirika alihesabiwa kizingiti chake. Saa 400 ni kama wiki kumi za kazi, nani alizihesabu? Zilithibitishwa kwa saini. Awamu ya pili nayo ikaja na kizingiti chake kipya, si mwendelezo wa kile cha kwanza.

Maziwa ni mfano mwepesi, maana kiwanda kinachoyachukua hutoa risiti kila mwezi. Ng'ombe wa nyama ndio waliofanya mambo yawe magumu. Ng'ombe aliyenenepeshwa kwa kuchinjwa, akiwa aliuzwa kati ya 15 Januari na 15 Aprili 2020, alilipiwa dola 214. Ng'ombe huyohuyo akiwa bado zizini kati ya 16 Aprili na 14 Mei, alilipiwa dola 33. Tofauti ya dola 181 kwa kichwa kimoja, kwa sababu ya tarehe ya kuuza. Wafugaji walioshindwa kuuza, pengine kwa sababu viwanda vimefungwa, ndio walioumia zaidi na ndio waliolipwa kidogo. Walilalamika, na walikuwa na haki. Lakini tazama pia upande wa pili: unapoweka dola 181 juu ya tarehe moja, halafu ukamwachia anayelipwa aandike tarehe hiyo mwenyewe, unamweka mtu mwaminifu katika majaribu.

Wakulima wadogo wa mboga waliokuwa wakiuza gulioni walipata adha ya aina nyingine. Viwango vya awamu ya kwanza vilipangwa kwa bei ya jumla, kwa hiyo mkulima wa ekari mbili anayeuza nyanya moja kwa moja kwa mlaji kwa bei nzuri alikuta malipo hayalingani hata na muda wa kujaza fomu. Awamu ya pili ikarekebisha: ikalipa sehemu ya mauzo ya mwaka 2019, kuanzia asilimia 10.6 kwa mauzo yasiyofika dola 50,000, ikishuka kidogo kidogo hadi asilimia 8.8 kwa yaliyozidi milioni moja. Afadhali, ila mauzo ya gulioni ya mwaka uliopita nayo yanathibitishwa na nani?

Septemba 2022 Ofisi ya Uwajibikaji wa Serikali, GAO, ambayo ni jicho la Bunge katika matumizi, ilitoa ripoti juu ya CFAP. Ujumbe wake mkuu ulikuwa kwamba wizara ifanye uhakiki mkali zaidi wa malipo hayo. Wakati huo fedha zilikuwa zimeshalipwa.

Nani alifungua, nani alifunga

Faili la FSA halikuwekwa wazi kwa ukarimu. Miaka ya 1990 gazeti la Washington Post liliomba majina na anwani za waliolipwa ruzuku ya pamba, wizara ikakataa kwa hoja ya faragha, gazeti likaenda mahakamani. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho mjini Washington ikaamua kwamba anwani ya mkulima, hata kama ni nyumbani kwake, ndiyo pia anwani ya biashara yake, na faragha inayodaiwa ni ndogo ikipimwa na haki ya umma kujua fedha zake zinakwenda wapi. Mlango huo ndio Environmental Working Group, shirika la kiraia la Washington, lililoupitia. Mwaka 2001 likaweka hifadhidata ya ruzuku za kilimo mtandaoni, mtu akaweza kumtafuta jirani yake kwa jina. Vyumba vya habari vya miji midogo vimekuwa vikiichota humo tangu wakati huo, na fedha za korona zilipoongezwa, vikachota tena.

Mwaka 2008 mlango wa pili ulikaribia kufunguka. Februari, mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya kampuni iitwayo Multi Ag Media dhidi ya Wizara ya Kilimo, iliamua kwamba hata data za mashamba, mazao yaliyopandwa, ekari na ramani zake, zitolewe. Hoja ya majaji ilikuwa rahisi kuifuata: umma hauwezi kupima kama wizara inagawa ruzuku ipasavyo bila kuziona taarifa ambazo ruzuku inahesabiwa kwazo.

Miezi minne baadaye Sheria ya Kilimo ya 2008 ikawa sheria, ikiwa na kifungu 1619. Kifungu hicho kinaikataza wizara kutoa taarifa yoyote ambayo mkulima ameitoa kuhusu shughuli zake, mbinu zake au ardhi yake ili aingie katika mpango wa serikali. Ramani za mashamba pia zikafungiwa. Kilichoachwa nje ya kufuli ni malipo: majina, anwani na kiasi. Atakayeamini kwamba miezi minne hiyo ni bahati nasibu, na aamini.

Basi faili la leo ni mapatano ya kesi mbili, moja iliyoshinda ikabaki na nyingine iliyoshinda ikafutwa na Bunge. Bima ya mazao iko nyuma zaidi, kwani huko sheria inakataza hata jina lisitolewe. Na tovuti kuu ya serikali ya matumizi, USAspending, inayotajwa sana kama kielelezo cha uwazi, huwajumlisha watu binafsi kwa kaunti au kwa jimbo. Mkulima anayelipwa kwa jina lake mwenyewe anazama humo.

Mashamba juu ya mchanga

Upande wa pili wa shilingi unaonekana ukilinganisha CFAP na mpango mwingine wa wakati huohuo, PPP, mikopo iliyosamehewa kwa biashara ndogo ili zisiachishe watu kazi. Wakulima nao waliruhusiwa kukopa huko.

PPP ilianza kwa siri. Juni 2020 Waziri wa Fedha Steven Mnuchin aliwaambia maseneta kwamba majina ya wakopaji na viwango vyao ni siri ya biashara. Kelele zilipozidi, tarehe 6 Julai yakatolewa majina ya waliokopa dola 150,000 na zaidi tu, na kiasi kikiwa kwa makadirio ya kutoka hapa hadi pale. Washington Post na vyombo vingine wakaenda mahakamani, mahakama ileile ya 1996. Novemba Jaji James Boasberg akaamuru orodha nzima itolewe, na tarehe 1 Desemba ikatoka, hadi mkopo mdogo kabisa, kwa kiasi kamili.

Miezi mitano baadaye waandishi wa ProPublica walichapisha walichokikuta katika mikopo midogo ile iliyokuwa imefichwa. Kampuni ya mikopo ya mtandaoni, Kabbage, ilikuwa imepitisha mikopo 378 yenye jumla ya dola milioni 7 kwa biashara zisizokuwapo, karibu zote zikijiita mashamba. Kulikuwa na machungwa Minnesota, ambako majira ya baridi hugandisha maziwa ya maji yakapitisha gari juu yake. Kulikuwa na ng'ombe katika kisiwa chembamba cha mchanga pwani ya New Jersey, na anwani ya zizi mojawapo ilikuwa nyumba ya meya wa mji, ambaye hakuwa na habari. Matapeli walikuwa wametumia majina na anwani za watu wengine.

Ilichukua nini kugundua? Orodha, aina ya biashara na ramani. Aina ya biashara ndiyo ufunguo. Laiti orodha ingekuwa na jina na kiasi peke yake, mkopo wa dola 20,000 kwa anwani ya kawaida ya makazi usingemshtua mtu. Neno "machungwa" likikaa karibu na "Minnesota" ndilo lililopiga kelele.

Ukirudi katika CFAP, kelele hiyo imezimwa. Ukijua mtu amelipwa kwa mifugo, huwezi kuuliza kama shamba lake la ekari kumi linaweza kulisha ng'ombe 600, kwa sababu hizo 600 hazitajwi. Sidai kwamba wizi wa kiwango cha PPP ulitokea CFAP. Mkulima wa FSA mara nyingi alikuwa tayari na namba ya shamba na faili la miaka, tofauti na aliyekopa mtandaoni usiku wa manane. Ninachosema ni kwamba umma uliweza kuikagua PPP kwa namna ambayo CFAP haikukaguliwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Asilimia 0.1

Machi 2021 waziri mpya wa kilimo, Tom Vilsack, alisema wakulima Weusi walipata asilimia 0.1 tu ya fedha za CFAP. Kauli hiyo ilisambaa kote. Sensa ya kilimo ya 2017 iliwahesabu wakulima Weusi kuwa karibu asilimia 1.4 ya wazalishaji wote, kwa hiyo pengo ni kubwa.

Lakini pengo hilo lilitokana na nini? Yapo majibu matatu yanayowezekana na kila moja linadai dawa yake. Huenda mashamba yao ni madogo, na mpango unaolipa kwa kichwa na kwa busheli humlipa mdogo kidogo. Huenda hawakuomba, kwa kutojua au kwa kutoiamini ofisi. Na sababu ya kutoiamini wanayo, kwani mwaka 1999 serikali ilikubali suluhu katika kesi ya Pigford, iliyowalipa wakulima Weusi takriban dola bilioni moja kwa ubaguzi uliofanyika katika ofisi hizohizo za kaunti, ambako kamati za wakulima waliochaguliwa na wenzao zilikuwa na kauli juu ya nani akopeshwe. Au huenda waliomba wakakataliwa.

Faili la malipo haliwezi kuchagua kati ya majibu hayo. Halina rangi ya mtu, halina ukubwa wa shamba, na aliyekataliwa hamo kabisa, maana ni faili la waliolipwa. Hivyo mjadala mzima ukategemea kauli ya waziri, na Bunge likatunga dawa kwa kukisia. Sheria ya Machi 2021 ilitenga dola bilioni 4 kufuta madeni ya wakulima wa makundi yaliyobaguliwa. Wakulima weupe wakafungua kesi Wisconsin, Florida na kwingineko, majaji wakaisimamisha sheria hiyo Juni, na mwaka 2022 Bunge lenyewe likaifuta na kuweka mpango mwingine wa dola bilioni 2.2 kwa waliobaguliwa katika mikopo, ambao haukutaja rangi. Malipo ya huo yalitoka Julai 2024. Moja ya udhaifu uliowagharimu mahakamani ni huu: serikali ilishindwa kuonyesha kwa takwimu ni ubaguzi upi wa karibuni inaousahihisha. Anayejifungia takwimu asishangae zikimkosa siku ya kesi.

Faragha si neno tupu

Watetezi wa kifungu 1619 wana hoja, na nitakuwa sijatenda haki nikiipita. Shamba la familia ni nyumba. Anayejua ekari zako, mifugo yako na mavuno yako anajua mshahara wako, na mnunuzi wa nafaka akijua una shehena kiasi gani ghalani atakupa bei anayotaka yeye. Hakuna mwalimu wala muuza duka anayeanikwa hivyo.

Ulaya walilipitia hilo kwa uangalifu zaidi. Mwaka 2010 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi ya wakulima wa Hessen, Ujerumani, iliona kwamba kuchapisha jina la kila mkulima binafsi bila kutofautisha muda, aina wala ukubwa wa msaada kunavuka mpaka. Kanuni za mwaka 2013 zikarudisha majina, safari hii pamoja na aina ya msaada, na jina la anayepata kiasi kidogo sana, kisichozidi euro 1,250 kwa mwaka, likafichwa.

Mpangilio huo una akili ambayo Marekani inaikosa. Kule Washington mwenye kuku kumi na aliyegonga kizingiti cha 250,000 wote wanaanikwa sawasawa kwa jina, na wote wanafichwa sawasawa kwa idadi. Mdogo anavuliwa nguo bila faida kwa mtu yeyote, mkubwa anavalishwa joho. Ningegeuza: anayelipwa kiasi kidogo jina lake lisitajwe, na anayefika kizingiti, au anayelipwa kupitia kampuni ya wanahisa watatu, itajwe pia idadi ya vichwa au ekari zilizomfikisha hapo. Hoja ya mnunuzi wa nafaka haizuii, maana idadi inayotolewa mwaka mmoja baada ya mazao kuuzwa haimnufaishi mnunuzi yeyote. Anayechukua robo milioni ya fedha za walipa kodi na asitake idadi yake ijulikane hata mwaka ukipita, anataka funika kombe mwanaharamu apite.

Ndani ya ofisi mambo yamebadilika kidogo. Machi 2025 serikali ilianza kulipa msaada mwingine wa dharura, ECAP, kutoka katika dola bilioni 10 zilizopitishwa na Bunge Desemba 2024. Safari hii mkulima hakuandika idadi upya. Fomu ilimjia imeshajazwa ekari alizokwisha kuripoti FSA kwa msimu wa 2024, kwa dola 42.91 kwa ekari ya mahindi na 29.76 kwa ekari ya soya, huku malipo ya awali yakikatwa hadi asilimia 85. Kwa karani wa kaunti hilo ni ahueni kubwa, na kwa mdanganyifu ni kikwazo. Kwa msomaji wa gazeti la wilayani hakuna jipya: anaweza kugawa kiasi kwa kiwango na kukisia ekari, mradi mkulima awe alipanda zao moja tu na hakugonga kizingiti. Ekari zenyewe zimo katika fomu ya kila mmoja, na kifungu 1619 hakijaguswa.